Jicho Lililobaki la Tjaart

Kila jioni, taarifa ya habari ilipokwisha, Hilje alimuuliza mumewe swali lile lile.

"Umeweka dawa?"

"Nimeweka."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, bafuni. Ulitaka nikupigie tarumbeta?"

Hapo maongezi yalikwisha. Tjaart alirudi kwenye gazeti lake, Hilje kwenye kufuma kwake. Nje mvua ilinyesha juu ya mfereji. Ndivyo jioni zao zilivyokuwa, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi.

Tjaart alikuwa fundi baiskeli mstaafu. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi, wala hauwashi. Unamla mtu uwezo wa kuona polepole, kuanzia pembeni, kama panya anavyokula mkate. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazimika. La kulia lilibaki, nalo pembeni lilianza kufifia. Daktari alimpa dawa ya matone, tone moja kila jioni, maisha yake yote.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alimwambia. "Dawa hii inalinda kilichobaki."

Lakini kila walipokwenda kupima, presha ilikuwa juu. Daktari alishangaa. Safari ya mwisho alianza kuzungumzia upasuaji.

"Una hakika unaweka dawa kila siku?"

"Kila siku," Tjaart alisema.

Mwezi wa Novemba, Tjaart alipanda baiskeli kwenda kununua mkate. Wakati wa kurudi, bata alikatiza njia mbele yake. Tjaart akamkwepa kwa kushoto, upande asiouona. Akatumbukia mferejini, yeye na baiskeli yake.

Bahati yake, jirani yao Roelien alikuwa anarudi kutoka kazini. Aliingia majini mpaka kiunoni, akamshika kola ya koti, akamvuta. Hilje alitoka nyumbani mbio akiwa na blanketi. Alipofika ukingoni alisimama ghafla. Mkoba wa baiskeli ulikuwa umefunguka. Mkate ulikuwa unaelea. Pembeni yake vilielea visanduku vidogo vyeupe vya dawa ya macho, vilivyokuwa vimefichwa humo mkobani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefunguliwa.

Waliingia ndani wote watatu. Tjaart alikaa karibu na hita, midomo imekuwa ya buluu, meno yanagongana.

"Miezi yote hii unanidanganya," Hilje alisema. "Kila jioni unanitazama usoni na kunidanganya." Akamgeukia jirani. "Roelien, wewe si unashughulika na watu kama hawa hospitalini? Hebu mwambie. Mwambie atapofuka."

Roelien alikuwa mwanasaikolojia wa afya. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini watu hushindwa kufanya mambo ya kuwaponya, na kuwasaidia waweze. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye suruali.

"Ameshaambiwa, mama," alijibu. "Daktari amemwambia. Wewe unamwambia kila jioni. Kama kuambiwa kungetosha, vile visanduku vingekuwa vitupu. Acheni nikabadilishe nguo. Kesho nitakuja, mzee akikubali."

Tjaart aliinamisha kichwa kukubali, bila kumtazama mtu.

Kesho yake Hilje aliwapakulia supu ya njegere. Roelien alikula kidogo, kisha akauliza taratibu:

"Mzee Tjaart, ukiishika ile chupa, unawaza nini?"

Tjaart alikoroga supu yake.

"Namwona baba," alisema. "Alikuwa na ugonjwa huu huu. Mama alimdondoshea dawa asubuhi na jioni, na bado akapofuka. Miaka yake ya mwisho alikaa dirishani ameelekeza uso nje, haoni kitu. Mimi siku nisipoishika chupa, ni fundi baiskeli tu. Nikiishika, ni kipofu anayengoja zamu yake."

Hilje aliweka kijiko chini. Walikuwa wameoana tangu ujana, na maneno hayo hakuwahi kuyasikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeweka. Hukuniuliza kwa nini siweki."

Roelien alisogeza bakuli lake kando, akamuuliza Tjaart:

"Baba yako alianza dawa lini?"

"Aliposhindwa kusoma gazeti."

"Basi alianza amechelewa. Wewe bado unasoma. Siwezi kukuahidi kwamba jicho litabaki hivi hivi. Ila ukiweka dawa, nafasi yako ni kubwa kuliko ya baba yako."

Akamgeukia Hilje.

"Watafiti wamezungumza na wagonjwa wengi. Wengi hawaachi dawa kwa ujinga wala ubishi. Mtu anapima moyoni. Ugonjwa usiouma, faida ya dawa yake haionekani. Hofu ndiyo inayoonekana. Ukizidi kumtisha mtu ambaye tayari anaogopa, bila kumwonyesha njia, anakimbia. Au anadanganya ili aachwe apumue."

"Sasa tufanye nini?" Hilje aliuliza.

"Nia peke yake haifiki mbali. Inasaidia mtu akipanga mapema ataifanya kazi ile wapi, na baada ya jambo gani. Jambo lenyewe liwe analolifanya kila siku bila kufikiri. Mzee, jioni hukosi kufanya nini?"

"Kahawa. Nakunywa, naosha kikombe."

"Basi sema mpango wako, kwa maneno yako mwenyewe."

Tjaart aliona haya kidogo. "Nikishaosha kikombe, nitalala kwenye kochi, nitaweka tone."

"Na ukiwa kwa dada yako?"

"Kabla sijaaga, nitaweka tone bafuni kwake." Akamtazama Roelien. "Na nikisahau?"

"Siku moja utasahau. Kesho yake usiweke mara mbili. Endelea na tone lako la kawaida. Kuteleza si kuanguka."

"Mkono unanitetemeka. Halafu siku za mwanzo nilipojaribu, dawa ilichoma."

Roelien alimlaza kwenye kochi, akamwelekeza. Avute chini kope ya chini kwa kidole. Mkono wenye chupa auegemeze kwenye paji la uso. Adondoshe tone moja, chupa isiguse jicho. Kisha afumbe jicho na kubonyeza polepole kona iliyo karibu na pua, dakika moja au mbili.

"Ikizidi kuchoma, mwambie daktari. Zipo dawa za namna nyingine. Usinyamaze tu."

"Na mimi?" Hilje aliuliza.

"Wewe, mama, usimuulize tena kama ameweka."

"Nisiulize? Nikae nimtazame anavyopofuka?"

"Swali lako limekuwa mtihani, naye anajibu ili afaulu. Mwache mwenyewe aseme anataka msaada gani."

Tjaart alitazama mikono yake.

"Kaa na mimi ninapoweka," alisema. "Usiseme kitu. Kaa tu."

Jioni za kwanza zilikuwa nzito. Tjaart aliosha kikombe, akalala, akadondosha tone. Hilje alikaa pembeni yake ameuma ulimi. Maji yalimtiririka mzee shavuni, na mengine hayakuwa ya dawa. Hilje hakuuliza.

Siku ya kuzaliwa ya dada yake Tjaart walichelewa kurudi. Asubuhi Tjaart alisema mwenyewe, "Jana sikuweka. Nilisahau kabisa."

Maneno makali yalimfika Hilje kooni. Akayameza.

"Haya," alisema. "Leo utaweka."

Tangu siku hiyo Tjaart hakumdanganya tena. Alimweleza na dada yake kuhusu ugonjwa, kwa kuwa presha ya macho hupita katika ukoo. Dada yake akaenda kupimwa, akaambiwa arudi kila mwaka.

Majira ya kuchipua walirudi kwa daktari. Tjaart alimweleza ukweli wote, na daktari hakumkaripia. Alimpima mara mbili.

"Presha imeshuka," alisema. "Kile ulichokuwa unaona mwaka jana, unakiona bado. Upasuaji tuuweke kando kwa sasa."

Hilje alishusha pumzi. Tjaart aliuliza kuhusu jicho la kushoto, ingawa jibu alilijua. Daktari alitikisa kichwa kuonyesha kwamba halitaona tena. Wala uoni wa pembeni wa jicho la kulia, uliokwisha kufifia, usingerudi. Akamshauri pia asiendeshe tena baiskeli barabarani.

Wakati wa kurudi, basi walilopanda lilikuwa karibu tupu. Tjaart alitazama nje, mashamba yakipita.

"Laiti ningeanza mapema," alisema.

"Ndiyo," Hilje alijibu.

Jioni ile Tjaart alikunywa kahawa, akaosha kikombe, akalala kwenye kochi na kuweka tone lake. Alipofumbua jicho, Hilje alikuwa amesimama. Alinyanyua kiti chake, akakitoa upande wa kushoto na kukihamishia upande wa kulia, mahali ambapo mumewe bado aliweza kumwona.