Degedege la Saa Kumi na Moja

Kotone, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na degedege, na mwanzoni kila lilipomshika alikuwa mikononi mwa bibi yake. Hilo ndilo lililovunja nyumba ya jirani zangu.

Mimi nauza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, hapa mjini Yonezawa, Japani. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo nasikia mengi. Jioni zao zilikuwa za amani. Bi Fumie alimchukua mjukuu chekechea, na vipaza sauti vya mji vilipopiga ule wimbo wa saa kumi na moja wa kuwarudisha watoto nyumbani, yeye alikuwa anajaza maji ya kuoga. Mwanawe Tomoharu na mkwewe Chinatsu walirudi kazini baadaye.

Siku moja mtoto alikuwa na mafua. Wimbo ukalia, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Alipona. Yalipokuja mafua mengine, ikawa vilevile, jioni vilevile.

Chinatsu akaanza kunusa vikombe alivyonyweshwa mtoto. Akaja dukani.

"Kaka, niambie kweli. Saa zile unasikia nini kule?"

"Nasikia bibi akiimba vibaya."

"Usinitanie! Mbona mtoto akiwa na mimi asubuhi hapatwi na kitu?"

"Muulize daktari. Mimi muuza tofu."

"Daktari haishi nyumbani kwangu."

Jioni ile nikawasikia.

"Mama, unampa nini mwanangu?"

"Uji wa mchele. Umo sufuriani, onja. Daktari alisema ni homa, Chinatsu, homa hupanda jioni."

"Kila siku una la kujitetea."

"Kwani unanionaje, mchawi?"

Tomoharu akaongeza sauti ya televisheni. Bi Fumie akafunga mizigo, akaenda kwa dada yake, mji wa Sakata. Chinatsu akaacha kazi ili amlinde mtoto mwenyewe.

Baridi ilipoingia, Kotone akapata homa tena. Asubuhi alicheza vizuri.

"Umeona?" Chinatsu akaniambia. "Bibi hayupo, na mtoto mzima."

Alasiri joto likapanda. Wimbo ukalia. Nikasikia ukelele, nikakimbia. Chinatsu alikuwa anamsukumia mtoto kijiti cha kulia chakula katikati ya meno. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikaeleza ninachokiona.

"Toeni hicho kijiti!" sauti ya kwenye simu ikafoka. "Mlazeni ubavu!"

Hospitali daktari alisema degedege lile hufuata homa, halifuati mtu.

"Mama alinieleza," Chinatsu akasema. "Nikadhani ananidanganya."

Alipiga simu Sakata. Bi Fumie akajibu, "Namshukuru Mungu mtoto ni mzima. Lakini kurudi, hapana."

Funzo

Ndugu zangu, homa ya watoto hupenda kupanda alasiri na jioni, na degedege huweza kuja nayo. Mtoto akishikwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Likipita dakika tano, ita msaada. Na usimhukumu mtu kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu.

Nyumba ile ililipa hivi: jino la mbele la mtoto lililovunjwa na kijiti, kazi ya mama, na bibi. Wimbo ukilia, Kotone bado huenda kusimama mlangoni kumngoja bibi.