Mlembe wa Bati

Twalibu alichomoa waya wa betri saa sita mchana, akaenda kunawa mikono, na mlembe wake wa bati akaendelea kulia. Alisimama na sabuni kiganjani, akasikia milio mitatu, minne, kisha kimya. Akajiambia ni umeme uliobaki ndani ya mashine. Mafundi redio wa Tabora hawakosi sababu ya jambo lolote, na Twalibu alikuwa na sababu nyingi kuliko wateja.

Mashine ile aliitengeneza kwa mikono yake, mwaka ule wa operesheni ya vijiji. Wapiga filamu kutoka Dar es Salaam walikwenda upande wa Kaliua kupiga picha za warina asali wa kijiji kipya cha ujamaa. Waliporudi mjini wakakuta kinasa sauti chao kimenasa ngurumo ya lori tu, mwanzo hadi mwisho. Silasi, mtu wao wa sauti, akaingia dukani kwa Twalibu ameshika kichwa. Alitaka mlembe, yule ndege mdogo anayemwita mrina asali na kumtangulia mti kwa mti hadi penye nyuki.

"Filamu nzima inamtegemea huyo ndege," alisema. "Nami picha niliyonayo ni ya ndege bubu."

"Nitakufanyia," Twalibu akajibu, na hakujua hata pa kuanzia.

Alianzia kwenye redio mbovu. Aliunga transista mpaka zikatoa mlio mmoja mwembamba, kisha akakata gurudumu la bati lenye meno, akaliweka liguse waya. Kila alipolizungusha kwa mota ndogo ya betri, mlio ulikatikakatika kama njiti zinazotikiswa ndani ya kiberiti. Akafurahi mno. Mama yake, Bi Mwanne, aliyekuwa uani akichambua mchele, akacheka.

"Huyo si mlembe, mwanangu. Hapumui. Ndege gani analia bila kupumua?"

Hakuna aliyemjua mlembe kumzidi Bi Mwanne. Mumewe, Saidi, alikuwa mrina asali, na ujanani waliingia porini pamoja. Mwezi ule wa Uhuru Saidi alimfuata mlembe peke yake, na miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita bila kuonekana mfupa wala kiatu. Kwa hiyo Twalibu alimsikiliza mama yake. Aling'oa jino moja la bati, akapinda jingine, mpaka siku ya tisa ndege akavuta pumzi.

Bi Mwanne aliweka ungo chini. Akachukua shoka, akagonga nguzo ya mlango mara tatu kwa kisogo chake, akapiga mluzi mrefu. Ndivyo mrina anavyomwitikia mlembe. Akishaitikia ameahidi mambo mawili: kwamba atafuata, na kwamba akipata asali atamwachia ndege kipande cha sega. Twalibu alipendezwa na mwitikio ule kiasi cha kumwomba mama yake arudie kila siku, apate kupima kama mlio wake unamdanganya mwenye kujua. Wiki nzima waliita na kuitikia, na hakuna aliyepiga hata hatua moja kwenda popote.

Ndipo ndege alipolia bila betri.

Kesho yake Twalibu aliitoa betri kabisa, akaiweka juu ya kabati. Adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa umenyamaza, mlembe alilia tena, safari hii kutoka darini, na nyumba ikajaa harufu ya nta na moshi wa mwenge. Zamda, mke wa Twalibu, alitoka jikoni ameziba pua kwa kanga.

"Zima hicho kidude," alinong'ona.

"Nimezima."

"Basi nani huyo anapiga mluzi?"

Mluzi ulikuwa nyuma ya nyumba, mrefu, ukivuja kidogo mwishoni. Twalibu aliutambua. Baba yake alikuwa na pengo la jino la mbele, na hakuna mtu mwingine duniani aliyepiga mluzi wenye kuvuja namna ile. Bi Mwanne alikuwa ameshasimama, shoka mkononi, uso umemng'aa. Twalibu hakuwahi kumwona mama yake na furaha kama ile, na hiyo furaha ndiyo iliyomtisha.

Siku hiyo walimzuia mlangoni. Kesho yake aliponyoka hadi sokoni, akarudishwa na wauza tumbaku. Siku ya tatu Twalibu alimtafuta mji mzima, akatoka nje ya mji kwa kufuata reli ya Kigoma, jua likimchoma kisogo na harufu ya nta ikimtangulia, akakimbia huku akisikia mbele yake njiti zikitikiswa ndani ya kiberiti, zikinyamaza akikaribia na kuanza tena mbele zaidi, mpaka akamwona mama yake katikati ya mataruma, peku, nyayo zinavuja damu, anatembea haraka kama mtu aliyechelewa, na mbele yake hapakuwa na mtu.

"Huyo ndege atampeleka alikompeleka baba," Zamda alisema walipokuwa wakimwosha miguu. Alikuwa analia. "Twalibu, tutampoteza mama hivi hivi, tunamwona."

Wakamwita Bi Mwanamkuu, mganga aliyeheshimika mjini. Aliitikia shikamoo zao, akaketi mbele ya mashine, akaitazama bila kuigusa.

"Umetengeneza pumzi isiyo na mwenyewe," alimwambia Twalibu. "Ulidhani itabaki tupu? Jini la porini limehamia. Kisha mkaliitikia siku saba na hamkulifuata. Sasa limekuja kumchukua aliyeahidi."

"Lakini mluzi ni wa baba."

"Majini huazima sauti. Huenda ndilo lililomchukua, likaujua mluzi wake huko." Akashusha sauti. "Mimi nitafukiza na nitasoma, lakini halitatoka kwa kinywa changu. Aliyeitikia ndiye wa kulikataa."

Twalibu akamtazama mama yake. Bi Mwanne aligeuza uso ukutani.

Adhuhuri wakafungua milango yote. Bi Mwanamkuu akaweka ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na moshi haukupanda, ulitambaa sakafuni kama maji hadi chini ya mashine, na gurudumu la bati likaanza kuzunguka lenyewe, polepole kisha kwa kasi, na mlembe akalia darini, akalia uani, akalia ndani ya mtungi, na Zamda akajibanza kwa mumewe akisema maneno yasiyoeleweka, na kutoka katikati ya milio ile ikatoka sauti ya mwanamume, taratibu, yenye mapenzi.

"Mwanne. Nimeona asali. Njoo na kibuyu."

Bi Mwanne akapiga magoti. "Saidi, ulikuwa wapi?"

"Mwanne. Nimeona asali. Njoo na kibuyu."

Twalibu alitaka kumshika, Bi Mwanamkuu akamzuia kwa mkono. Bi Mwanne alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza vile vile alivyosikiliza wiki zile uani. Sauti ikarudia mara ya tatu, ya nne. Kila mara ilivuta pumzi mahali pale pale, kwa urefu ule ule, mahali Twalibu alipong'oa jino la bati.

"Mume wangu alikuwa akiniita anacheka," alisema, machozi yakimtiririka. "Anahema, ametoka kukimbia. Hakuniita mara mbili kwa pumzi ya urefu mmoja, maisha yake yote. Hiyo pumzi ni ya mwanangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Nenda. Sikufuati."

Gurudumu likasimama. Harufu ya nta ikaondoka, na nje zikasikika kengele za baiskeli. Twalibu aliivunja mashine kwa shoka lile lile la mama yake, na jioni Bi Mwanamkuu akapeleka sega zima la asali porini. Silasi aliambiwa atafute ndege pengine.

Bi Mwanne alibaki sakafuni. Twalibu alichuchumaa kando yake, akasema, "Nisamehe, mama. Nilitaka tu kazi iwe nzuri."

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Zamda, mwanangu, nipatie nguo nyeupe."

"Ya nini, mama?"

"Nikae eda. Miaka yote hii sikukaa, na nyinyi hamkuthubutu kuniambia."

Kisha akalia, kwa sauti, kilio ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Wanawake wa mtaa wakaja mbio wakijifunga kanga, wakajaa mlangoni, wakimwuliza Twalibu nani amefariki.

"Baba," akawajibu.