Mgongo wa Mkono

Transfoma ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na mvua imeipoza karakana nzima, lakini ubavu mmoja wa tangi ulikuwa bado wa moto. Ubavu uleule alioangukia mumewe siku umeme ulipomuua.

Mama Ampea, ndivyo mafundi wenzake walivyomtania, kwa jina la kipimo cha umeme, tangu arithi kazi ya marehemu, aliuegemea, akasikia harufu ya sabuni ya mumewe. Kazi yake ilikuwa kuipitishia transfoma umeme, kuuongeza kidogo kidogo, kungoja joto la mafuta likome kupanda, kisha kuandika kwa rangi nyekundu kwenye tangi kiwango cha umeme kisichofaa kuvukwa. Hii ilishapata kiwango chake zamani. Yeye akashikilia kwamba bado haijatulia. Kila siku akaongeza kidogo, apate tu kuegemea tena, na mwanawe mgongoni akikichekea kile chuma kama anayechezewa.

Halafu mtoto akashikwa na homa.

Aliyeng'amua ni mkwewe, mama wa marehemu, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya mashetani. Alikuja karakanani, jicho kwenye kipimajoto cha mafuta, mkono kwenye paji la mjukuu. Sindano ya kipimo ikipanda, mtoto anawaka. Ikishuka, anapoa.

"Maiti hana joto, mwanangu," alinong'ona. "Huyo analichota mahali."

"Ni yeye, mama. Namjua."

"Mfunue mtoto mgongo."

Akamfunua. Katikati ya mabega palikuwa na alama nyekundu ya kiganja kizima, vidole vyote vitano.

Hapo moyo ukamkatika, kwa sababu mumewe hakuwahi kukipima chuma kwa kiganja, umeme ukikunasa kiganjani vidole vinajifunga havikuachii, ndivyo alivyomfundisha, lakini mgongo wa mkono unaruka wenyewe, na mazoea hayo akayaleta mpaka nyumbani, paji la mtoto kwa mgongo wa mkono, shavu la mkewe kwa mgongo wa mkono, hata mkewe akawa anamtania kwamba mwenzangu, umeoa mke au transfoma?

"Mume wangu hakutumia kiganja," aliliambia tangi. "Alitumia mgongo wa mkono. Wewe si yeye."

Akakata umeme. Mkwe akafukiza, akasoma, akalizunguka tangi, na ile transfoma isiyo na umeme ikaanza kuvuma, ukapanda ule mvumo, ukawa kilio cha mwanamume aliyezibwa mdomo, na Mama Ampea akalia nao, maana hata sauti ile ya uongo ndiyo pekee aliyokuwa amebakiwa nayo, kisha ukakatika kama uzi.

Chuma kikawa baridi. Mtoto akapoa, akaomba kunyonya. Mama yake akashika brashi, akaandika kiwango, cha chini kabisa, na kabla ya magharibi gari likaja likaibeba transfoma.

Jioni alikuwa nyumbani akikunja nguo za mtoto, mtoto mwenyewe kalala mgongoni. Harufu ya sabuni ikaja. Kitu kikamgusa shavuni, taratibu, kwa mgongo wa mkono, kama alivyokifundisha mwenyewe mchana ule kwa mdomo wake.

Kilikuwa na joto.

Alijua la kufanya. Mkwe alikuwa chumba cha pili, angemwita mara moja tu. Akafumba macho kwanza, kidogo tu, akaliegemeza shavu, na mgongoni mwake mtoto akaanza kuwaka.