Gari Halinyolewi

Mlango wa nyuma wa pikapu kuukuu ulikuwa umeegemezwa kwenye rundo la vyuma chakavu, na sokoni watu wamejaa kama siafu. Mikono miwili ikaushika kwa pamoja. Mmoja laini, umepakwa mafuta, una pete mbili. Wa pili una sugu na madoa ya cheche. Mwenye mkono laini alikuwa mwanaume.

"Dada, nimeutangulia mimi."

Suruali nyeupe, soko la vyuma! Viatu vina ncha kama bisibisi. Mwanamke alimkagua kama samaki aliyelala.

"Umetangulia kuuona au kuujua? Wa gari gani huu?"

"Wa... pikapu."

"Pikapu zote mama yao mmoja?"

Kumbe bwana huyo ni kinyozi. Marehemu mama yake alimwachia pikapu aliyobebea mbao miaka ishirini, nayo sasa imelala nyuma ya saluni yake, matairi yameisha pumzi. Mwanamke ni fundi bodi, anachomelea mwenyewe. Alimwachia mlango, na kesho yake akaenda kuiona pikapu, akijidai analihurumia gari. Uongo mtupu! Bwege yule alikuwa na macho mazuri, nayo yalimfuata mpaka nyumbani.

"Tumkate paa," kinyozi alisema, akilizunguka gari kama kichwa cha mteja. "Tumpunguze springi akae chini. Rangi nyekundu ya mdomo."

"Likae chini libebe nini? Kiburi chako?"

"Apendeze, bibie!"

"Umezoea vichwa wewe. Kichwa ukikikosea, nywele zitaota. Gari halinyolewi, baba. Paa halioti."

Yeye alitaka sakafu iliyooza ichomelewe upya, injini ileile ifumuliwe, rangi ibaki kijani ya mama mtu, na gari lirudi kubeba mbao. Wakashindana wiki tatu, na katika kushindana wakapendana. Simu zao ukizisikia, utacheka.

"Umekula, bibie?"

"Nimekula. Paa usiguse."

"Nakupenda."

"Nami pia. Na springi usiguse."

Siku moja kinyozi aliaga, akaiweka simu kando ya mashine ya kunyolea bila kuikata. Fundi akamsikia akimwambia binamu yake, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba: "Bibie kanichosha. Umri umekwenda, ananuka moshi, kila asubuhi kelele. Nimeshapata mtu wa kumchukua."

Fundi alimzidi kinyozi miaka minne. Na moshi, mchomeleaji ataukwepa wapi? Akalinusa shati lake. Kisha akaona haya kwa kulinusa, na haya ikageuka hasira. Hakupokea simu siku nne. Bati lililokuwa mezani siku hizo lilikipata cha moto.

Siku ya tano kinyozi alitokea gereji, ananukia kama duka la sabuni.

"Bibie..."

"Bibie yupi? Yule mzee anayenuka moshi? Nilisikia yote. Simu hukuikata, hodari wewe."

Kinyozi akajipiga paji la uso. "Huyo ni gari!"

"Gari?"

"Mama ndiye alimwita Bibie. Nyumbani hatukusema gari limewaka. Tulisema Bibie ameamka."

"Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua gari ni *li*! Na majina ya mapenzi yamekwisha duniani, mpaka unigawie la pikapu?"

Fundi akataka kucheka, kisha akakumbuka yule mtu wa kulichukua. "Ngoja. Kwa hiyo unaliuza gari la mama yako?"

Kinyozi akaangalia ncha za viatu vyake. "Binamu kasema bila kulikata ni takataka. Wewe hutaki likatwe. Mimi kutengeneza sijui."

"Heri ungeniacha mimi. Nina miguu, ningejiendea. Lile limebeba mbao mpaka wewe ukasoma, ukanunua manukato, leo unalitupa kwa uvivu!" Akamrushia burashi ya waya. "Lilete hapa. Anza na kutu. Na hivyo viatu vua, vinanitia kichefuchefu."

Mnunuzi akaambiwa hapana. Kinyozi akasugua. Kucha zikavunjika, suruali nyeupe ikawa rangi ya kutu. Binamu alikuja kumcheka. Fundi akampa msasa, naye binamu papo hapo akakumbuka ana safari. Paa likabaki mahali pake. Mlango uleule wa sokoni ukakaa nyuma, kijani.

Asubuhi moja kinyozi akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikagoma, ikakohoa tena, ikanguruma.

"Limewaka!" alipiga kelele. "Fundi, limewaka!"

Fundi aliisikia ile *li*. Akafuta mikono polepole kwa tambara, ameinama, asionekane anavyotabasamu.

"Na Bibie je?"

"Bibie kashika tambara. Nataka kumwoa."

Fundi akaivuta mikono ya kinyozi, akaigeuza. Kucha nyeusi, sugu mbichi, pete hakuna.

"Sasa angalau ni mikono," alisema. "Haya, kaseme kwetu. Uende na gari. Viatu vile wasivione."