Kitufe Kilichokataa Weupe

Scholastika aliandika nyeupe, kitufe kwenye kioo cha kompyuta kikatokea chekundu. Akaufuta mstari, akauandika upya, akaiendesha programu. Chekundu. Asubuhi nzima alijidanganya kwamba ni mipangilio ya kompyuta inayofunika rangi aliyoiweka, mpaka harufu ya udi ilipoizidi harufu ya vitunguu humo ghalani Mang'ola.

Wekundu ule aliujua. Juzi alikipiga picha kitambaa kilichofungwa kwenye mti pale chemchemi, akaitoa rangi kwenye picha na kukivisha kitufe cha kupimia magunia. Wa kwanza kukibonyeza alikuwa mdogo wake Hosiana, karani wa mizani. Tangu hapo mkono wa Hosiana haukukauka maji, na kitufe kilikataa kurudi kwenye weupe wake.

"Dada," Hosiana alinong'ona, "kuna mtu anapumua humu ndani ya kompyuta."

Akaitwa Marsela, mganga wa Kinyaturu aliyekuja na wavunaji kutoka Singida. Hakuvuka kizingiti.

"Kile kitambaa ni nguo ya jini wa maji," alisema kwa sauti ya chini. "Umemchukulia bila hodi. Mnunulie nyingine, na mbuzi mwekundu, la sivyo atamvaa mdogo wako."

"Simnunulii hata uzi. Nilichukua rangi tu, na rangi haina mwenyewe!"

Hosiana akacheka kwa sauti nzito ya mzee. Maji yakamtiririka vidoleni, yakajaa mezani, yakashuka chini ya magunia, na mabati yakaanza kugongwa ingawa nje upepo ulikuwa umetulia na wapakiaji walikuwa wamesimama kimya juani wakitazama mlango.

"Nguo yangu," ilisema ile sauti. "Nivishe."

Hasira ya Scholastika iliuzidi woga wake.

"Unataka nguo? Haya, vaa!"

Akavuta kibodi. Akaweka wekundu uleule kwenye kitufe, kwenye maandishi yake, kwenye dirisha lote, mpaka pasionekane kitufe, wala neno, wala ukingo wa jini kujishikiza. Kitu kikapapasa ndani ya ule wekundu kikitafuta pa kutokea. Akalifunga dirisha, akaifuta picha, akachomoa waya.

Hosiana akaanguka juu ya magunia, akilia kwa sauti yake mwenyewe. "Mkono umekauka, dada."

"Atarudi," alisema Marsela.

Scholastika alijiona kwenye kioo kilichozimwa. Blauzi yake nyeupe, humo ndani, ilikuwa nyekundu.

"Mtoe Hosiana nje," alimwambia Marsela. Akavuta kiti, akachomeka waya. "Haya, mzee," alimwambia jini. "Tuanze upya. Nyeupe."