Aliyejificha Nyuma ya Mlango

Kuku ndio waliomsimamisha Tereza. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua liko utosini, na kuku wake wote saba walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, mbali na kivuli cha nyumba, wametazama mlango. Hawakudonoa wala hawakulia. Na mlango wenyewe, ambao asubuhi aliufunga kwa kamba ya katani ili mbuzi wasiingie, ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Ndani alikuwamo mama mkwe wake, Nyangi, mzee ambaye miguu yake ilikuwa imekufa mwaka wa nne sasa.

Walikuwa wamehamia kijiji kile kipya cha upande wa Suguti miezi michache tu nyuma, mwaka wa sabini na nne, kwa lori la Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini, na nyumba waliijenga haraka haraka: udongo, nyasi, mlango mmoja, na kidirisha kisichotosha hata kichwa cha mtu. Tangu wafike, wezi walikuwa wakisumbua vijiji vya njia ya Bunda. Kwa hiyo balozi wao wa nyumba kumi, mzee Luhende, aliwaambia watu kwenye mkutano kwamba mtu akikuta mlango wake umefunguliwa asiingie. Arudi nyuma, aite wenzake, na amwachie mwizi njia ya kutoka, maana mwizi aliyebanwa ndani huua.

Tereza alikumbuka maneno hayo. Lakini mzee yumo ndani.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Uko salama?"

Harufu ilimfikia kwanza, harufu ya udongo mbichi na damu iliyolala, kama machinjioni baada ya mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili. Kisha sauti ya Nyangi ikatoka ndani, ndogo, kavu.

"Usiingie, mkamwana. Yuko nyuma ya mlango."

Tereza alirudi kinyumenyume, macho hayabanduki pale mlangoni, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jirani yake, Dafroza. Akamnong'oneza. Dafroza hakuuliza mara mbili. Alikimbilia shamba la kijiji, ambako watu walikuwa bado wanachuma pamba.

Wa kwanza kufika alikuwa Masatu, mume wa Tereza, anahema, panga mkononi. Tereza alimkamata shati akamsihi amsubiri balozi, wasimame pembeni, huyo mtu atatoka mwenyewe.

"Mama yangu yumo humo," Masatu alisema, na shati likabaki limechanika mkononi mwa mkewe.

Aliusukuma mlango kwa bega akaingia. Panga lilisikika likianguka chini. Halafu yakaanza mapigo, si ya mtu mmoja kumpiga mwenzake, bali ya fimbo nyingi zinazopishana, juu ya nyama, juu ya mfupa, kama watu ishirini wanaopura mtama katika chumba ambacho watu watano wangekosa nafasi, na katika fimbo zote hizo hakuna aliyetukana, hakuna aliyehema, hakuna sauti ya binadamu yeyote isipokuwa ya Masatu, ambayo ilianza kama ya mwanamume na kuishia kama ya ndama.

Alitoka akitambaa. Mkono wake ulikuwa umevunjika mara mbili na sikio moja lilining'inia kwenye kipande cha ngozi.

Luhende alipofika pamoja na Gati, mgambo wa kijiji, waliingia kwa tahadhari wakamkuta Nyangi peke yake kwenye mkeka. Sanduku la nguo limefungwa. Uji umo chunguni. Hakuna kilichoibwa, na hakuna mtu aliyeonekana kutoka. Ila nyuma ya mlango ukuta ulikuwa umelowa, na doa lile lilikuwa na umbo la mgongo wa mtu aliyejibanza.

Masatu alipelekwa hospitali Musoma juu ya lori la pamba. Kabla halijaondoka alimwambia mkewe, "Alikuwa mmoja, Tereza. Lakini alinipiga kama kijiji kizima."

Nyangi walimhamishia kwa Dafroza. Alikataa kula, akalia siku mbili mfululizo akitaka arudishwe kwenye mkeka wake, mpaka wakamrudisha.

Siku ya nne mlango ulifunguka tena, saa ileile. Safari hii wanaume walikuwa karibu. Silasi, mdogo wake Masatu, hakutaka kusikia habari ya kuacha njia. Luhende alimkumbusha, akamwomba hata wamtoe mama kwanza. Silasi alisema mtu aliyemvunja kaka yake hatatoka humo akitembea. Akaingia na rungu, Gati akamfuata na kirungu chake cha mgambo, na wanaume sita wakauvuta mlango na kuushikilia kwa nje kwa kamba yake.

Tereza alisimama mbali, mikono imemziba masikio, na bado alisikia. Alisikia rungu la Silasi likitua na mtu akilia, na aliyelia alikuwa Gati. Akasikia kirungu cha Gati kikijibu. Akawasikia wote wawili wakipiga wakipiga, kila mmoja akidhani amempata mwizi, wakiitana majina na kupigana palepale walipoitana, huku mlango ukitikisika mikononi mwa wanaume sita na wao wakizidi kuukaza, kwa sababu hofu ilikuwa imewaambia kwamba aliye ndani asitoke, hata alipokuwa anawaomba kwa sauti waliyoijua.

Walipofungua, Gati alikuwa amepoteza jicho. Silasi alikuwa ameketi ameegemea ukuta, fuvu limefunguka juu ya paji la uso, amekufa. Nyangi alikuwa katikati yao, hana hata mkwaruzo, na damu ya mwanawe imelowesha kanga yake mpaka magotini.

Baada ya mazishi Luhende mwenyewe alipanda baiskeli mpaka upande wa Butiama akarudi na mganga, mama mmoja mfupi, mkimya, anaitwa Boke. Boke hakuingia ndani. Alichutama nje ya ukuta, akauwekea kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamuuliza Nyangi, aliyekuwa bado kwenye mkeka wake, kupitia kidirisha, bila kupaza sauti, kama anamfahamu mgeni wao.

"Ninamfahamu," alisema Nyangi. "Anaitwa Keraryo. Anakujaga saa ileile waliyomuua."

Ndipo aliposimulia. Yeye alizaliwa palepale, kwenye mteremko ule, kabla hajaolewa upande wa rasi, kule walikohamishwa. Lori lilipowashusha na kiwanja kikapimwa, alilitambua jiwe kubwa la uani kwao, akanyamaza. Alipokuwa msichana alimwita Keraryo, kijana aliyempenda, nyumbani mchana, wazazi wakiwa hawapo. Kaka zake Nyangi walirudi mapema. Kwa woga na aibu akapiga kelele kwamba ni mwizi. Keraryo alijibanza nyuma ya mlango akawaomba njia tu, apite. Waliujaza mlango. Walimpiga mpaka uso wake haukuwa uso tena, na wakamfukia palepale alipoangukia, ndugu zake Keraryo wasijue.

"Mwanangu amelipa," Nyangi alisema. "Mimi bado."

Boke aliagiza ukuta wa nyuma utobolewe tundu la kupitisha mtu, silaha zote zikatupwe mbali, watu wakae upande mmoja, asisimame yeyote kwenye njia. Nyangi aseme kweli kwa kinywa chake mwenyewe. Tereza aliomba mzee atolewe kwanza, ayasemee nje. Nyangi alikataa, na Boke akamwambia Tereza taratibu, "Atamfanya nini, sijui. Sitaki kukudanganya."

Saa sita ilipofika kamba ya mlango ilikatika mbele ya macho yao. Harufu ikajaa uwanja. Wakamsikia mzee.

"Keraryo. Hukuwa mwizi. Mimi ndiye niliyekuita."

Kisha pigo, moja tu, kama chungu kilichoangushwa juu ya jiwe, na miguu ya Tereza ikaondoka yenyewe kuelekea mlangoni, mpaka akamwona Masatu katika akili yake akitambaa, akapinda, akaizunguka nyumba, akasimama pembeni mwa lile tundu la ukuta, si mbele yake, mikono mitupu ameiacha wazi ionekane, na akasema, "Baba, njia iko wazi. Pita," na kitu kikapita, karibu sana, kikivuta pumzi iliyochemka kama uji mahali ambapo kinywa kilipaswa kuwa, kikamgusa bega, kikaliacha limelowa, kikaenda.

Nyangi walimkuta hai. Taya lake lilikuwa limepondwa, taya tu, na hakuna mahali pengine palipoguswa. Aliishi mpaka msimu uliofuata wa pamba kwa uji mwepesi, bila kutamka neno tena.

Siku ileile alipopigwa aliwaonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba. Kwenye kina cha kiuno jembe lilitumbukia katika uwazi: shimo tupu, lenye umbo la mtu aliyelala kwa ubavu amekunja magoti, kuta zake laini na mbichi. Mfupa hata mmoja haukuwamo.

Luhende alimtazama Boke. Boke alikuwa anatazama nje, kwenye vumbi, ambako nyayo zilizolowa zilitoka kwenye tundu la ukuta. Hazikwenda ziwani, wala porini. Zilifuata mstari wa nyumba za kijiji, zikisimama kidogo mbele ya kila mlango, mpaka nyumba ya mwisho, ya mjane mmoja kijana anayeitwa Esta. Hapo ziliingia, wala hazikutoka.

Esta alikuwa anapanda kutoka ziwani na ndoo ya maji kichwani. Alifika mlangoni kwake, akaona umefunguka, akanyoosha mkono kuusukuma. Tereza alianza kumkimbilia.