Kibati Upande wa Waliorudi

Siku yake ya kwanza kazini, karani alijibu neno vibaya mbele ya watu, na kosa hilo ndilo lililomletea mpenzi. Kosa la pili nusura limwondolee.

Alasiri hiyo ofisi ya wageni ilikuwa imefurika kama stendi ya mabasi shule zinapofungwa. Watu wa kila rangi walikuwa wakigombea vijikaratasi kwenye kaunta: safari ya ngamia kwenye matuta ya mchanga, nyumba ya makumbusho, soko la wafumaji, chemchemi ya maji moto, na lile lililowaleta wengi zaidi, korongo lenye michoro ya mikono ya watu wa kale. Nje ya dirisha ulisimama mlima wenyewe, mwekundu, hauna mti hata mmoja, umeuinamia mji kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili.

Karani alikuwa amevaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani, amekikaza mpaka kinamuuma masikio. Akaingia mwanamume mrefu mwenye vumbi jekundu tangu nyusi hadi viatu, koti la kijani limechanika begani, anatembea kana kwamba saa zote za dunia ni zake. Akaenda moja kwa moja kwenye ubao uliokuwa ukutani nyuma ya karani.

"Nimerudi," akasema.

"Karibu tena," karani akamjibu kwa adabu. "Kwani ulikwenda wapi?"

Waongozaji wote waliokuwa mle ndani wakaangua kicheko. Yule mwanamume hakucheka. Alimtazama kwa makini, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Miaka sita nasema neno hili," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza nilikokwenda."

Mjomba wake karani, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa msimamizi wa waongozaji, na ndiye aliyemtafutia kazi. Akamvuta kando.

"Mpwa wangu, sikiliza. Kila mwongozaji ana kibati chenye namba yake. Akitoka na wageni anakitundika kulia, kwa waliotoka. Akirudi anakihamishia kushoto, kwa waliorudi, kwa mkono wake mwenyewe, na anatamka. Wewe unajibu 'Umerudi.' Basi. Mkono wako usiguse kibati cha mtu."

"Nimeelewa, mjomba."

"Nasema hata kikianguka. Miaka kumi na minne iliyopita mtu alimtundikia mwenzake."

"Ikawaje?"

Mjomba akautazama mlima dirishani. "Nenda, wageni wanakusubiri."

Yule wa koti la kijani namba yake ilikuwa tisa, na wenzake walimwita Taratibu kwa mwendo wake. Tangu siku ile akawa wa mwisho kutundika kibati, ili apate kusimama.

"Karani wangu, nimerudi."

"Umerudi. Na mimi si wako."

"Bado hujawa."

"Ukienda kwa mwendo huo, mpaka ufike nitakuwa bibi kizee."

"Basi nitakukuta umetulia."

Karani akamshonea koti begani, kiraka cheusi, uzi mweupe, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na uzi mwingine. Naye akamletea habari za korongo, maana karani aliishi chini ya mlima ule miaka yote na hakuwahi kuingia humo.

"Unajua kwa nini ile mikono imechorwa juu vile, mahali pa kupanda kwa shida?" akamuuliza siku moja. "Wageni wanadhani ni ibada. Mimi nadhani waliochora walijua maji yanafika wapi."

"Maji gani? Humu kunanyesha mara ngapi kwa mwaka?"

"Hapa hakunyeshi. Kunanyesha kule nyuma ya mlima, wewe huoni wingu wala husikii radi. Kisha maji yanakuja."

Karani akasema, "Basi neno lako la kurudi usimpe mtu mwingine. Niambie mimi."

"Sina mwingine wa kumwambia."

Hayo ndiyo yaliyomchoma baadaye. Maana Jumatatu moja alikwenda nyuma ya ofisi kuchota maji kwenye tangi, akamkuta Taratibu amempa kisogo, simu sikioni, sauti ameilainisha kama anayebembeleza mtoto.

"Nimerudi, mke wangu. Ndiyo, mzima. We ndiwe wa kwanza kuambiwa, mimi na wewe hatuna siri. Kula basi, usininunie. Haya, mpenzi."

Ndoo ikamponyoka karani. Taratibu alipogeuka hakukuta mtu, alikuta maji tu yanatambaa mchangani.

Usiku ule alipiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Karani wangu, nimekosa nini?"

"Muulize wa kwanza kuambiwa."

"Wa kwanza nani?"

Simu ikakatwa. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili na ulimi mmoja, lakini mtu mwenye wivu hutumia sikio moja na ndimi kumi. Karani hakuuliza. Angeuliza swali moja tu, hadithi hii isingekuwa na mlima ndani yake.

Siku tatu hawakusemeshana. Taratibu aliingia, akatundika, akatamka, naye akajibu huku akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Alhamisi kulikucha vibaya. Upepo ulivuma asubuhi ukiwa wa baridi, kisha ukakoma ghafla, kama mtu aliyeziba mdomo. Ngamia wa kupandisha wageni walikataa kupiga magoti, wakasimama wote wanautazama mlima. Taratibu aliingia na wageni wawili, mzee na mkewe wenye kofia pana, akahamishia kibati chake kulia.

"Nikirudi tutazungumza," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Zungumza na ubao," karani akasema.

Taratibu akatoka.

Saa saba mchana pikapu ya ofisi ikaingia uani. Kupitia dirishani karani aliona koti la kijani likipita nyuma ya ukuta, kiraka cheusi begani, uzi mweupe. Lilipita likaenda zake kuelekea barabarani.

Amerudi, akawaza, na hata kuingia hataki. Neno lenyewe sasa hanipi.

Hasira ikampanda. Aliona atakuja baadaye, atasimama pale mgongoni kwake, naye itambidi ajibu; afadhali alimalize mwenyewe, asimjibu kitu. Akainuka. Akaking'oa kibati namba tisa kulia, akakitundika kushoto kwa waliorudi. Kililia kidogo kwenye msumari, kisha kikatulia. Akarudi kuketi.

Saa nane simu ya mezani ikalia. Ni mlinzi wa kituo cha juu, upande wa pili wa mlima.

"Huku imenyesha, dada. Imenyesha mvua ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Mna watu korongoni?"

Mjomba akauchukua mkono wa simu, akautazama ubao. Kulia misumari yote ilikuwa mitupu.

"Hakuna," akajibu. "Wote wamerudi, Mungu ashukuriwe."

Nje jua liliwaka, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Lakini kulikuwa na harufu. Harufu ya udongo uliolowa, katika mji ambao haukupata tone.

Saa tisa mlango ukafunguliwa, akaingia dereva wa pikapu, amevaa koti la kijani.

"Nimelala kama maiti nyumbani," akasema akilivua. "Dada, huyo Taratibu wenu akirudi mpe koti lake. Asubuhi njiani aliniona natetemeka akanivika kwa nguvu. Nimewashusha mdomoni mwa korongo, kasema nisiwafuate kabla ya saa kumi, wale wazee wanataka kuiangalia michoro polepole."

Karani aliutazama ubao. Angeweza kunyamaza, kusema labda Taratibu alikosea mwenyewe. Kazi yake, heshima ya mjomba, vyote vilikuwa juu ya ulimi wake.

"Mjomba," akasema. "Kibati nimekitundika mimi."

Mjomba hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya pili maishani.

"Kamba," akawaambia wanaume. "Kamba zote. Tutapita juu, njia ya mbuzi. Chini hakupitiki tena."

Wakaondoka mbio. Ndipo karani akausikia ule mvumo, kutoka mbali, kama lori kubwa lisilofika.

Akabaki peke yake. Simu ikalia tena.

"Ofisi ya wageni."

"Mwanangu, namuulizia mume wangu." Sauti ilikuwa ya mtu asiye na meno. "Huyo mnayemwita Taratibu. Kila siku akirudi hunipigia. Leo saa tisa imepita, kimya."

"Mume wako?" karani akasema. "Mama... mume wako vipi?"

Kikongwe akacheka huku akikohoa. "Mjukuu wangu! Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nikamlea. Mimi mume mwingine nitamtoa wapi na miaka hii?"

Taratibu alikuwa amemwambia mara nyingi kuhusu "mama aliyenilea." Karani hakuwahi kufikiri kuwa mama huyo ni bibi, na bibi ana haki yake ya kuitwa mke.

"Na wewe ndiwe yule karani?" kikongwe akaendelea. "Ana neno anataka kukuuliza. Wiki nzima ananisomea namna atakavyolisema, nimechoka kulisikia. Kesharudi?"

Ubao ulisema ndiyo.

"Hajarudi, bibi," karani akasema, machozi yakimtiririka. "Maji yameshuka, na mimi ndiye niliyesema amerudi."

"Basi usiiweke simu chini," bibi akasema. "Na usilie kwanza. Tumuombe Mungu, mimi na wewe."

Wakaomba. Bibi alitaja jina la mjukuu wake, lile la kuzaliwa, ambalo karani hakuwa akilijua. Aliomba mpaka sauti yake ikapungua, karani akaendelea, na yeye alipokwama bibi akadaka.

Saa kumi na moja na nusu pikapu ikaingia uani. Wale wazee walishushwa miguu mitupu, wamefungwa blanketi, mke amemshika mume kiganja kama watoto. Nyuma yao akashuka Taratibu, matope hadi shingoni, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kilemba. Alitembea kwa mwendo wake ule ule. Akasimama mbele ya ubao.

"Kumbe nilisharudi tangu mchana," akasema. "Mbona hukunipigia? Ningewahi chakula."

Karani hakuweza kucheka. "Nisamehe. Niliona koti. Na nilikusikia unasema 'mke wangu.' Bibi kanieleza. Nisamehe."

"Tulipanda kwenye michoro," Taratibu akasema taratibu. "Nilimsukuma mzee, bega likatoka. Waliochora walijua maji yanafika wapi, nilikwambia."

"Yalifika wapi?"

Akamtazama. "Kwenye vidole vya ile mikono iliyochorwa."

Kwa mkono wa kushoto, kwa taabu, akakiondoa kibati, akakirudisha kulia kwa waliotoka, akakiacha hapo kidogo. Karani alitaka kumsaidia. Akaifunga mikono yake nyuma. Kisha Taratibu akakihamishia kushoto.

"Nimerudi."

"Umerudi," karani akasema.

"Neno langu nililikariri vizuri. Sasa limenitoka."

"Liseme vibaya."

"Nataka niwe narudi kwako. Basi."

"Hata tukinuniana?"

"Tukinuniana ndiyo nitaingia niseme kwa sauti zaidi."

Sauti ikatoka kwenye simu iliyolazwa mezani. Hawakuwa wameikata. "Mwambie ndiyo, mwanangu!" bibi akafoka. "Sikio limeniuma!"

"Ndiyo," karani akasema.

Mjomba alisubiri wamalize. Kisha akamwambia kwa upole, "Mpwa wangu, kesho usije." Karani alijua tayari. Aliuacha ufunguo wa ofisi juu ya kaunta, akatoka na koti la kijani mkononi.

Sasa wameoana, wana vyumba viwili karibu na soko la wafumaji. Kando ya mlango kuna msumari na kibati cha pili, namba tisa. Taratibu akitoka hukiondoa, akirudi hukitundika, na bibi, aliyehamia kwao, hudai aambiwe wa kwanza. Mkewe hukipita kila siku, lakini hata vumbi lake halipangusi.

Leo Alhamisi msumari ni mtupu. Mchana upepo umevuma ukiwa wa baridi, kisha umekoma. Mke alikuwa akikanda unga, akainua uso. Mlangoni imeingia harufu ya udongo uliolowa, na nje jua linawaka.

Ametoka hivyo hivyo, unga mikononi, akasimama kizingitini akiangalia mwisho wa barabara, na jibu lake amekwisha kuliweka tayari mdomoni.